Upaa na Wembe: Habari za Kunyoa Kichwa katika Pwani ya Tanga

Katika miji ya pwani ya Tanga, tokea Moa mpaka Mkwaja, mtu akianza kupukutika nywele za utosini hupata maneno mengi kwa wenzake. Mmoja humwambia ya kuwa mali yaja, mwingine humcheka, wa tatu humshauri dawa ya mafuta. Kisha, baada ya miezi au miaka, siku moja huenda kwa kinyozi akasema, "Nyoa zote." Tendo hili ni dogo, wala hapana ngoma yake wala karamu. Lakini tukilitazama pamoja na maneno yake na historia yake, twaona ya kuwa maana yake imegeuka sana tangu karne ya 19, na ya kuwa kwa watu wengine upaa umekuwa jambo la kufa na kupona. Twataka kueleza habari hizi kwa taratibu: kwanza maneno, kisha desturi za kale, kisha mageuzi.

1. Maneno

Kiswahili hakikuona kichwa kisicho na nywele kuwa kitu kimoja tu. "Upaa" ni utosi wenyewe, na tena ni hali ya utosi ulio wazi. Neno hili ni la heshima kidogo. Wafasiri wa Biblia walilitumia katika habari ya nabii Elisha, aliyedhihakiwa na vijana wa Betheli. "Uwaraza" pia ni kutokuwa na nywele kichwani, lakini siku hizi husikika zaidi vinywani mwa wazee. "Panja" ni zile pembe mbili za kipaji, pale nywele zinapoanza kurudi nyuma; na mara nyingi ndipo mtu anapopata habari ya kwanza ya mambo yatakayomfika. "Kipara" kina maana mbili: ni mahali palipotoka nywele zenyewe, na tena ni mahali palipopitishwa wembe. Na yeyote asemaye Kiswahili husikia ujirani wa neno hili na kitenzi "kupara", yaani kukwangua, kama mtu aparavyo samaki. Mwenye kunyoa kichwa chote hata king'ae, watoto humwita "kipara ngoto", na hilo ni neno la mzaha.

Liko tena neno "denge", yaani kunyoa pembeni mwa kichwa na kuacha nywele juu. Msomaji ataona ya kuwa upaa ni kinyume cha denge: denge huacha juu na kuondoa pembeni, na upaa huondoa juu ukaacha pembeni.

Jambo la sarufi nalo lastahili kuangaliwa. Katika methali zetu, kunyolewa ni taabu itokayo mkononi mwa mwingine: "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Hapo wembe ni msiba unaokuja, na mtu hana ila kujitayarisha. Lakini mwenye upaa aendaye mwenyewe kwa kinyozi, watu hawasemi "amenyolewa", husema "amenyoa". Ingawa mkono ulioshika wembe ni wa kinyozi, kwa maana kinyozi hajinyoi, tendo huhesabiwa kuwa lake mwenye kichwa. Tofauti hii ya herufi chache ndiyo kiini cha habari yetu.

2. Desturi za kale

Kwa Waislamu wa pwani wembe hukutana na mtu mapema. Sunna ni kumnyoa mtoto siku ya saba na kutoa sadaka fedha ya uzani wa nywele zake. Na katika nyumba nyingi za pwani kunyoa huko huwekwa siku ya arobaini, mama atokapo uzazini. Akiwa mtu mzima, mwanamume hunyoa atakapo kuoa, tena hunyoa atakapokwenda Makka. Habari ya mahujaji wenye kunyoa vichwa na wenye kupunguza imo katika Kurani, katika Sura ya 48.

Wanavyuoni wa pwani hufuata madhehebu ya Shafi, na kitabu kimoja kikubwa cha madhehebu hayo ni "Minhaj" cha Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 1277. Humo mwenye upaa hakusahauliwa. Haji asiye na nywele hata moja yapendeza apitishiwe wembe kichwani vivyo hivyo, juu ya ngozi tupu, ili awe kama wenzake katika ibada. Hivyo hata yule ambaye wembe haupati kitu cha kukata hawekwi nje ya safu.

Tena iko hadithi mashuhuri, iliyopokewa kwa Ibn Umar, inayokataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu. Kwa sababu hiyo walimu wengi walilichukia denge na mashungi waliyoachiwa watoto. Katazo hilo ni la yale yafanywayo kwa wembe, wala si la yale aliyoyaumba Mwenyezi Mungu. Mwenye upaa hana lawama. Lakini kanuni ya "zote au zisikatwe" iliingia katika macho ya watu, hata kichwa chenye nywele nusu kikaonekana kuwa kazi isiyokwisha.

Matokeo yake ni haya. Zamani, wanaume wengi wa miji ya pwani walipokuwa wakinyoa vichwa vyao na kuvaa kofia, upaa haukuwa na mahali pa kuonekana. Mtu wa miaka arobaini aliyekuwa akinyoa tangu ujana wake hakuwa na "siku ya kwanza". Nywele zilipokoma kuota juu, ni kinyozi peke yake aliyejua, kwa kuwa wembe ulipita pale pasipo sauti. Kofia ya viua ilimsitiri mwenye nywele na asiye nazo kwa heshima moja.

Hatusemi ya kuwa kila kichwa kilichonyolewa kilikuwa na heshima. Kwa makabila mengi ya bara, kunyoa kichwa kulikuwa alama ya matanga: waliofiwa walinyoa, na nywele zilizoota tena zilionyesha ya kuwa siku zimepita. Na katika siku za utumwa, kofia na kilemba vilikuwa mavazi ya mwungwana. Wanawake wengi waliokuwa watumwa, hasa Unguja, walikwenda vichwa wazi tena vimenyolewa. Utumwa ulifutwa kwa sheria Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, na wanawake hao na binti zao wakafanya haraka kujitanda kanga na kuvaa buibui. Basi kichwa kile kile kilichonyolewa kiliweza kuwa cha bwana arusi, cha haji, cha mfiwa au cha mtumwa. Tofauti haikuwa katika nywele. Ilikuwa katika kujua ni nani aliyeamuru wembe, na kama palikuwa na kitu cha kufunika baadaye.

3. Mageuzi

Katika miaka ya 1890 Tanga ikawa mji wa shule ya serikali ya Wajerumani na wa reli. Kazi ya reli ilianza mwaka 1893. Ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Mkonge ulioletwa na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893 ukawakusanya watu wa makabila mengi. Pamoja na kazi za ofisi zikaja desturi za ofisi: makasi, kioo, kitana, na nywele zilizopasuliwa njia upande mmoja. Tena mwaka 1903 Gillette alianza kuuza huko Marekani wembe wake mwembamba wa kutupwa, na wembe wa namna hiyo ukaenea ulimwenguni, hata mtu akaweza kujinyoa ndevu nyumbani.

Hapo ndipo upaa ulipoonekana. Kijana aliyelea nywele zake na kuzichana kila asubuhi alikuwa na kitu cha kupoteza. Alipoona panja zarudi nyuma alizivuta zilizobaki pembeni akazilaza juu ya utosi, na upepo wa bahari ukamfedhehesha. Hivyo siku ya kwanza ya kunyoa ni jambo jipya: ilizaliwa pale kunyoa kulipokoma kuwa desturi ya wote.

Baadaye nywele ziliingia hata katika siasa. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokataza nguo fupi za wanawake, suruali za kubana na nywele za bandia. Ikaanza kutumika Januari 1969. Nchini Malawi, mwaka 1973, serikali ya Rais Banda ilikataza wanaume kufuga nywele ndefu. Lakini katika miaka ya 1990 wachezaji wa mpira na waimbaji wa Marekani wakanyoa vipara kwa mapenzi yao, na vijana wa Ngamiani wenye nywele tele wakafuata. Mwenye upaa akajikuta, pasipo kutafuta, katikati ya mtindo.

Kazi yenyewe ni hii. Kinyozi hulowesha kichwa kwa maji na sabuni, huanza upande wa kuume, hushuka na maoteo ya nywele, na ngozi huivuta kwa kidole gumba ili isikatwe. Ngozi iliyokuwa chini ya nywele hutokea nyeupe kuliko kipaji, hata mtu ana rangi mbili kwa siku kadhaa, mpaka jua lizisawazishe. Jioni hupaka mafuta ya nazi. Kofia yake ya jana humlegea. Mkewe humtazama kimya. Mjukuu, kwa kuwa utani wa babu na mjukuu ni halali, husema yale ambayo mtoto wa kumzaa hathubutu kusema.

Tangu UKIMWI ulipojulikana Tanzania, mwaka 1983, wembe wa kushirikiana umekuwa hatari iliyo wazi, na mtu mwenye busara huja na wembe wake au hutazama ukifunguliwa mpya. Tena si kila upaa ni wa uzee. Choa chaweza kung'oa nywele kwa mabaka, nacho kina dawa. Upaa wa kawaida ni wa ukoo na wa homoni za kiume. Mwaka 1942 Dakta James Hamilton wa Marekani alionyesha ya kuwa wanaume waliohasiwa kabla ya kubaleghe hawapati upaa, hata wakiwa wa ukoo wenye upaa.

4. Upaa na mali

Limebaki lile neno la kwanza, ya kuwa upaa ni mali. Hapa kwetu ni maneno ya kumfariji mtu, nayo huleta kicheko. Lakini mwezi wa Juni 2017 polisi wa Msumbiji walitoa onyo kwa wanaume wenye upaa, baada ya wengine kuuawa katika wilaya ya Milange, jimbo la Zambezia. Wauaji waliaminishwa ya kuwa katika vichwa hivyo mna dhahabu. Waliokamatwa walisema viungo vilitakiwa kwa uganga wa kuwatajirisha wateja wa Malawi na wa Tanzania. Tendo lilikuwa mbali na Tanga, lakini mteja aliyetajwa ni wa nchi yetu. Na imani iliyoua ni ndugu wa mzaha tunaousema barazani, isipokuwa mmoja alicheka na mwingine akasadiki.

Basi hatuna budi kupima maneno yetu. Upaa hauna dhahabu, wala si aibu, wala si laana. Wazee wa pwani, kwa wembe wao wa kila wiki na kofia yao, waliwafanya wenye nywele na wasio nazo kuwa sawa pasipo kulizungumza. Mwanamume wa leo hana desturi hiyo ya kumsitiri. Imempasa aamue mwenyewe, siku anayoitaka, kwa mkono wa kinyozi anayemwamini. Akiinuka kitini, haki yake ni watu waseme "amenyoa", wasiongeze neno.