Vidole kupinda sababu ya ukoma: matunzo iko, lakini kila moja na wakati wake

Mkono wenye vidole vilivyokunjika kama kucha za ndege unatisha watu. Mu vijiji mingi vya mashariki mwa Kongo, wengine wanazani ni uchawi ao sumu. Wengine wanajua ni ukoma, lakini wanasema vidole vikisha kupinda hakuna tena la kufanya. Hiyo si kweli. Matunzo iko. Shida ni kwamba kuna ile inayosaidia mu miezi ya kwanza tu, na wakati ukipita haurudi.

Vidole vinapinda namna gani

Ukoma unaletwa na mikrobe iliyovumbuliwa mwaka 1873 na munganga wa Norwe, Gerhard Armauer Hansen. Inashambulia ngozi na neva, ni kusema mishipa inayopeleka nguvu na hisia mu mwili. Ku mkono, neva inayoguswa mara mingi inapita nyuma ya kiwiko, fasi mtu akigonga anasikia kama umeme. Ikiharibika, misuli midogo ya kiganja inalegea, na kidole kidogo pamoja na cha pete vinapinda. Neva ingine ikiguswa, vidole vyote vinafuata, na kidole gumba kinakosa nguvu.

Mikrobe haikule vidole. Vinafupika sababu mtu hasikie maumivu: anashika sufuria ya moto, anajikata na jembe, kidonda kinaoza mpaka ku mfupa.

Dawa za kuua mikrobe

Tangu 1981, OMS inapendekeza dawa za kuchanganya: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Zinatolewa bule. Mgonjwa anameza kwa miezi 6 ao 12, kufuatana na hali yake. Mkojo unaweza kuwa mwekundu na ngozi ikawa nyeusi kidogo. Hiyo si sumu, na haiombe kuacha dawa. Kisha muda mfupi wa kumeza, mgonjwa haambukize tena.

Lakini dawa hizi hazinyooshe kidole kilichopinda. Kazi yake ni kuzuia mikrobe isiendelee kuharibu.

Neva ikivimba: miezi 6 ya kwanza

Wakati mwingine mwili wenyewe unapigana na mikrobe kwa nguvu sana, neva inavimba na kuuma, mkono unapoteza nguvu mu siku chache. Inaweza kutokea hata kisha kumaliza dawa. Hapo munganga anatoa prednisoloni kwa miezi kadhaa, akipunguza polepole. Ikianza mbele ya miezi 6 tangu mkono ulegee, nguvu inaweza kurudi. Ikichelewa, matumaini yanapungua sana. Dawa hii si ya kujinunulia ku famasi: inaweza kupandisha sukari na tansio, na kuiacha mara moja ni hatari.

Mazoezi ya kila siku

Mgonjwa analowesha mkono mu maji ya baridi karibu dakika 20, anapakaa mafuta, kisha ananyoosha vidole polepole kwa mkono mwingine, akiuweka juu ya paja ao meza. Usiku anaweza kufungiwa atele. Mazoezi hayaponye neva, lakini yanazuia viungo visikauke. Na bila viungo laini, upasuaji hauwezi kufaulu vizuri.

Upasuaji

Mwisho wa miaka ya 1940, munganga Paul Brand, kule Vellore mu India, alianza kutumia njia inayosaidia mpaka leo: kuchukua kano ya musuli ambao ungali na nguvu na kuipeleka fasi ya ule uliolegea. Mgonjwa lazima awe amefuata dawa vizuri, neva zimetulia kwa miezi kadhaa, na vidole vingali vinanyooka vikisaidiwa. Anakaa na plasta wiki 3 ao 4, kisha kinezi anamfundisha kutumia mkono upya. Anaweza tena kushika kikombe ao kalamu. Hisia, lakini, hairudi. Njo maana kitambaa cha kushikia sufuria na mpini wa mti vinabaki vya lazima maisha yote.

Kovu la moto si ukoma

Mtoto aliyeungua kiganja anaweza pia kupindika vidole, sababu kovu linavuta ngozi. Matunzo yake ni mengine: kufunga mkono vidole vikiwa vimenyooka wakati kidonda kinapona, ao kupasua kovu na kubandika ngozi.

Wapi pa kuanzia

Kongo ilifika ku kipimo cha OMS mwaka 2007: chini ya mgonjwa 1 ku watu 10,000. Hata hivyo wagonjwa wapya wangali wanapatikana kila mwaka. Doa ku ngozi lisilosikia, ganzi ku vidole, kidole kidogo kinachoshindwa kujitenga na wenzake: moja tu ya alama hizo inatosha kwenda ku kituo cha afya. Munganga titulere anapima neva kwa mikono yake, na ikiombwa anatuma mgonjwa ku hospitali kubwa.