Dhahabu Nyekundu: Chembe za Metali na Ufafanuzi wa Rangi Yake, 1857–1912

Tarehe 5 Februari 1857, Michael Faraday alitoa mbele ya Royal Society ya London mhadhara kuhusu uhusiano wa dhahabu na mwanga. Alikuwa amechanganya mmumunyo hafifu wa kloridi ya dhahabu na fosforasi iliyoyeyushwa katika kaboni disulfidi, akapata kimiminika chekundu kama yakuti. Alishikilia kwamba wekundu huo ulitokana na dhahabu yenyewe, iliyogawanyika kuwa chembe ndogo mno kuonekana kwa hadubini yake. Mwale wa mwanga ulipopitishwa, njia yake ilionekana wazi ndani ya kimiminika. Alipotia chumvi, wekundu uligeuka kuwa buluu, ilhali dhahabu haikuongezwa wala kupunguzwa.

Maandishi kadhaa humtaja Faraday kuwa ndiye aliyefafanua rangi hiyo. Dai hilo linampa zaidi ya alichokipata. Alionyesha kwa majaribio kwamba rangi hutegemea hali ya chembe. Kwa nini iwe nyekundu hasa, hakuwa na nyenzo za kujibu. Nadharia ya Maxwell inayoutambua mwanga kuwa wimbi la sumakuumeme ilichapishwa mwaka 1865, miaka minane baada ya mhadhara ule.

Mwaka 1903 Siedentopf na Zsigmondy walieleza hadubini iliyowezesha chembe hizo kuhesabiwa, hivyo ukubwa wake kukadiriwa. Miaka mitano baadaye Gustav Mie, wa Chuo Kikuu cha Greifswald nchini Ujerumani, alitumia milinganyo ya Maxwell kwa tufe moja la dhahabu ndani ya maji. Kutokana na kipenyo cha tufe na tabia za kimwanga za dhahabu zilizokwisha kupimwa, alikokotoa rangi, kisha akailinganisha na vipimo vya mwanafunzi wake, Walter Steubing. Tufe dogo hufyonza zaidi mwanga wa kijani, karibu na nanomita 520, mwekundu hupita.

Hata hivyo, tufe la Mie lilikuwa peke yake. Mwaka 1912 Richard Gans alipanua hesabu hiyo hadi chembe zenye umbo la yai. Chumvi ya Faraday ilikuwa imefanya jambo jingine: ilizikusanya chembe pamoja, na mwanga unaotawanywa na moja huathiri jirani yake. Kwa makundi ya namna hiyo, hesabu kamili kwa kiasi kikubwa ilingoja kompyuta.