Maji ya Mvua Katika Pwani Yetu

Tumeona yafaa kutia katika taarifa hii maneno machache juu ya maji ya mvua, kwani habari zake ni sehemu ya historia yetu.

Mombasa ni kisiwa kisicho na mto, na visima vilivyo karibu na bahari aghalabu hutoa maji ya chumvi. Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walikuwa na birika la wazi la kupokea mvua. Baadaye Waomani walichimba kisima humo, lakini kwa chumvi yake kilifaa kuoshea tu. Ngome hiyo ilipozingirwa tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, njaa na maradhi viliwaua wengi; lakini ni vigumu kudhani kwamba wangalistahimili muda wote huo pasipo akiba ya maji.

Huko Lamu birika ni mchanga wenyewe. Mvua hunywea katika vilima vya Shela, ikakaa chini, na visima vya mji vikapata maji matamu. Anayejenga ovyo juu ya vilima hivyo huharibu mtungi wa mji mzima.

Mwaka 1957 bomba la chemchemi za Mzima lilikamilika, na maji yakasafiri zaidi ya kilomita 200 hata Mombasa. Lilikuwa jambo la neema. Lakini wengi wetu tuliachilia milizamu ikaoza na mapipa yakatoboka. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Siku bomba linapokauka, mama zetu na dada zetu ndio wanaopanga foleni na madebe, na asiye na fedha hulala na kiu.

Zamani paa la makuti halikutoa maji mengi wala safi. Leo wengi tuna mabati. Milimita moja ya mvua katika mita moja ya mraba ni lita moja. Basi paa la mita 50 za mraba, likipata milimita 10, hupokea lita 500. Hata tukitoa sehemu ya tano kwa yanayopotea, yasalia madebe 20 ya lita 20.

Lakini yatupasa kuangalia. Mvua ya kwanza na ioshe paa, isiingie pipani. Pipa lifunikwe, kwani mbu hupenda maji yaliyotulia, na Mombasa iliiona homa ya dengi mwaka 2013. Maji ya kunywa yachemshwe. Yaliyosuuza vyombo yasimwagwe njiani, bali yapelekwe migombani.

Kwa hiyo twauomba mkutano mkuu ufikiri jambo hili: kabla ya masika, vijana wa chama watengeneze milizamu, wakianza na nyumba za wajane na wazee. Haba na haba hujaza kibaba.