Gesi ya Mji na Madaftari ya Serikali

Katika nchi ya Marekani, ambako wengi hudhani kila kitu kimo mikononi mwa makampuni ya matajiri, iko miji ipatayo elfu moja ambayo gesi asilia inayopita chini ya barabara zake ni mali ya mji wenyewe. Baraza la mji ndilo linaloinunua kwa jumla, ndilo linaloiuza kwa rejareja, ndilo linalosoma mita na kupeleka ankara nyumba kwa nyumba. Michache kati ya miji hiyo ni mikubwa. Iliyo mingi ni midogo, mingine ina wateja mia kadhaa tu, na msimamizi wake wa gesi aghalabu ndiye yule yule anayeamshwa usiku bomba la maji likipasuka, naye ana wasaidizi wawili au watatu. Juu ya watu hao imewekwa sheria ya usalama ile ile, kwa vifungu takriban vile vile, iliyowekwa juu ya makampuni yenye wahandisi na mawakili kwa mamia. Jinsi miji hiyo ilivyojifunza kuubeba mzigo huo kwa kuchangiana maarifa ndiyo tarikhi ninayotaka kuieleza, na chanzo chake kiko mbali kidogo.

Gesi ya kwanza kuangaza mitaa ya Marekani haikuchimbwa ardhini, bali ilitengenezwa viwandani, aghalabu kwa makaa ya mawe yaliyotiwa moto ndani ya matanuri yaliyofungwa. Baltimore ilipata kampuni yake mwaka 1816. Philadelphia ikawasha taa zake mwaka 1836, na miaka mitano baadaye mji ukaichukua kazi yote iwe mali yake, hata leo idara hiyo ndiyo kubwa kuliko zote za gesi zinazomilikiwa na mji katika nchi ile. Miji mingi midogo ilingoja takriban karne nzima. Kilichoifikishia gesi ni mabomba marefu kutoka Texas na Louisiana, yaliyoenea sana baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mawili mashuhuri, Big Inch na Little Big Inch, yalijengwa wakati wa vita ili mafuta yafike pwani ya mashariki bila ya kupita baharini, walikovizia Wajerumani kwa nyambizi zao. Kisha mwaka 1947 serikali ikayauza, yakageuzwa kuwa njia ya gesi. Kwa kuwa makampuni hayakuona faida ya kuchimba mitaro katika kila kimji kilicho kando ya njia, madiwani wa mahali wakakopa kwa kuuza hati za dhamana, wakatandaza mabomba yao wenyewe, na faida ikaanza kuingia katika hazina ya mji.

Kabla ya hapo ulikwisha kutokea msiba ambao haujasahaulika mpaka leo. Tarehe 18 Machi 1937, katika kijiji cha New London, Texas, shule iliyojengwa kwa utajiri wa mafuta ililipuka muda mfupi kabla ya saa ya watoto kurudi makwao, wakafa watu wapatao mia tatu, walio wengi wao wanafunzi. Halmashauri ya shule, kwa kutaka kupunguza gharama, ilikuwa imeacha kununua gesi, jengo likaungwa na bomba la kampuni ya jirani lililobeba gesi ya masalio, ambayo wenye visima waliihesabu kuwa taka. Gesi ile haikuwa na rangi wala harufu. Ikavuja, ikajaa katika uwazi uliokuwa chini ya sakafu, na mwalimu wa ufundi alipowasha mashine ya msasa, cheche moja ikatosha. Mwaka ule ule Texas ikatunga sheria kwamba gesi itiwe dawa yenye uvundo, ya jamii ya merkaptani, na majimbo mengine yakafuata. Mama wa Tanga au Mombasa anayefungua mtungi wake wa kupikia akasikia harufu ile kama ya kitunguu kilichooza, ananusa dawa ya jamii hiyo hiyo.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya harufu, nami nakisimulia zaidi kwa ajili ya halmashauri. Wale hawakuwa waovu, wala hawakuwa wajinga; walifanya lililokuwa likifanywa na majirani zao, maana kuunga bomba namna ile lilikuwa jambo la kawaida katika mashamba ya mafuta. Walikuwa wenyeji waliochaguliwa na wenyeji wenzao kulinda fedha za umma, wakazilinda, lakini maarifa ya kitu kilichokuwa kikipita chini ya miguu ya watoto hayakuwamo mkutanoni mwao. Upungufu huo haukuondoka kwa kutia harufu.

Ilichukua miaka thelathini na moja zaidi kabla ya serikali kuu kuingia. Tarehe 4 Machi 1965 bomba kubwa la kusafirishia gesi lilipasuka karibu na Natchitoches, Louisiana, likaua watu 17, na Agosti 1968 Rais Lyndon Johnson akatia sahihi sheria ya kwanza ya nchi nzima juu ya usalama wa mabomba ya gesi asilia. Kanuni zake zikatoka mwaka 1970. Kwa miji jambo hili lilikuwa geni kabisa, kwa sababu katika majimbo mengi tume zinazosimamia bei za makampuni hazikuwa na amri juu ya gesi ya mji. Hoja ilikuwa kwamba wapiga kura ndio wateja, na asiyeridhika atawaondoa madiwani siku ya uchaguzi. Bei iliweza kusimamiwa na kura, lakini kutu haipigi kura, na sheria mpya haikuuliza mwenye bomba ni nani. Serikali kuu ikayaachia majimbo kazi ya kukagua, ikachangia sehemu ya gharama, na mkaguzi wa jimbo akaanza kubisha hodi katika ofisi ambazo hazijapata kumwona mgeni wa namna hiyo.

Mkaguzi huyo hutaka nini? Huanza kwa kutaka karatasi. Kanuni zimejaa mihula: mabomba yapimwe uvujaji katika maeneo ya biashara mara moja kila mwaka wa kalenda, wala isipite miezi 15 baina ya kipimo na kipimo, valvu za dharura zizungushwe kwa muhula kama huo, gesi ithibitishwe kuwa inanukia hata ikiwa imechanganyika na hewa kwa kadiri ya sehemu moja ya tano tu ya kiasi cha chini kinachoweza kushika moto. Na kila kipimo kiwe kimeandikwa, kwa tarehe na jina la aliyekifanya, kwani kwa watu wa kazi hii lisiloandikwa halikufanyika.

Chukua kazi moja tu, ya kulilinda bomba la chuma lisiliwe na kutu. Mfanyakazi husimama juu ya bomba lililofukiwa, akamwaga maji kidogo ardhini ikiwa ni kiangazi, akakita kijiti kinene cha plastiki chenye mrututu uliokorogwa kwa maji na kipande cha shaba ndani yake, ncha yake ya mti laini ikigusa udongo. Waya mmoja wa voltimita hutoka kwenye kijiti, wa pili huunganishwa na bomba lenyewe. Kipimo kinachokubaliwa zaidi ni volti 0.85 upande wa hasi. Ikisoma 0.91, mambo ni salama. Ikisoma 0.70, bomba halijavuja bado, hakuna anayenusa kitu, mteja anapika chakula chake kwa raha. Ila chuma kimeanza kurudi kuwa udongo. Kusoma namba hiyo mtu hufundishika kwa asubuhi moja. Kujua kwa nini imeshuka, kama ni waya uliokatwa na mchimba mtaro, au jirani aliyeunganisha bomba la maji na la gesi bila ya kujua, au mashine ya kutia umeme iliyozimika tangu radi ya mwezi jana, hayo ni maarifa ya miaka, na mtu mwenye maarifa hayo hawezi kuajiriwa na mji wenye wateja mia nne. Hata angeajiriwa, kazi yake ingekwisha kwa juma moja.

Hapo ndipo ulipozaliwa ushirika, na haukuzaliwa kwa mpango. Miji yenye gesi ilikwisha kuunda jumuiya yake ya nchi nzima, American Public Gas Association, mwaka 1961, kwa madhumuni ya kusemewa Washington. Baadaye biashara ya gesi ilipolegezwa, hasa kwa amri ya mwaka 1992 iliyoyalazimisha makampuni ya mabomba marefu kutenga uchukuzi na uuzaji, mji mdogo ukajikuta sokoni peke yake mbele ya wafanyabiashara waliokubuhu. Georgia ilikuwa imetangulia: mwaka 1987 ilianzishwa huko mamlaka ya gesi ya miji, ili miji inunue pamoja na kupata bei ya mnunuzi mkubwa. Vyombo vya namna hii viliwazoesha madiwani kukaa meza moja na madiwani wa mji wa pili, ambao pengine ni mahasimu wao katika mpira na katika kugombania viwanda. Nionavyo, mazoea hayo ndiyo yaliyokuwa na thamani kubwa kuliko nafuu ya bei, maana mtu aliyekwisha kununua pamoja na jirani haoni taabu kumwajiri fundi pamoja naye.

Kilichoharakisha mambo ni kanuni moja ambayo hata walioitunga sidhani walifikiria itawafanyia nini wadogo. Mwaka 1988 serikali iliamuru wafanyakazi wa mabomba wapimwe dawa za kulevya, wakiwemo watakaochaguliwa kwa kubahatisha, bila ya kuonywa. Katika kampuni ya watu elfu tano jambo hili lina maana. Katika mji wenye mafundi wawili bahati nasibu ya namna hiyo ni mzaha: akichaguliwa mmoja, wa pili amekwisha kujua kilichomo. Ikaruhusiwa basi majina ya waajiri wengi yatiwe katika kapu moja, kura ipigwe kati ya mamia, na msimamizi mmoja ashike kumbukumbu za wote. Miji ambayo haikupata kufikiria kushirikiana juu ya usalama ikajikuta imeshirikiana kwa lazima, ikaona kumbe yawezekana.

Kanuni zilizofuata ziliikuta njia imekwisha kufyekwa. Mwaka 1999 ikaamriwa kwamba kila anayegusa kazi mahsusi za bomba, tangu kuunganisha plastiki kwa moto hadi kufunga valvu, athibitishwe kuwa anaiweza na kwamba anatambua hali isiyo ya kawaida aionapo. Jumuiya za miji zikatunga mitihani ya pamoja. Mwaka 2004 jumuiya ya nchi nzima ikaunda mfuko, Security and Integrity Foundation, ukafanya kazi kwa makubaliano na idara ya serikali kuu inayosimamia mabomba. Na mwaka 2009 ilipotoka kanuni ya kumtaka kila msambazaji aandike mpango wa kuzijua hatari za mabomba yake na kuzipanga kwa uzito, mfuko huo ukawatolea wadogo programu iitwayo SHRIMP, ambayo humwuliza msimamizi maswali juu ya mabomba yake ya chuma na ya plastiki, umri wa mabomba hayo na uvujaji wake, kisha humtolea rasimu ya mpango. Muda ulikuwa mpaka Agosti 2011. Bila ya msaada huo, miji mingi ingemlipa mshauri fedha za kununulia gari.

Siku hizi huduma yenyewe huchukua sura nyingi, na mimi nitaitaja ile ninayoiona bora, ya mkaguzi wa ushirika anayezunguka. Huyu hufika mjini kabla ya mkaguzi wa jimbo, akafunua madaftari yale yale, akauliza maswali yale yale, akapata kasoro zile zile, tofauti ikiwa kwamba hana mamlaka ya kutoza faini. Huona kuwa valvu fulani ilipimwa kwa muhula wa miezi kumi na sita, huona jina la mtu aliyeacha kazi bado limo katika orodha ya waliothibitishwa, na kwa kuwa wiki iliyopita alikuwa mji wa pili, huja na habari ya kiungo cha plastiki kinachopasuka huko, ambacho labda kimezikwa na hapa.

Lakini ushirika una maradhi yake. Kitabu cha taratibu kilichoandikwa mara moja kwa miji arubaini ni rahisi, na urahisi wake ndio hatari: huwekwa rafuni kikiwa kipya, kikaeleza vifaa ambavyo mji hauna na kunyamazia vile ulivyo navyo. Sheria hudai taratibu ziafiki mabomba ya mahali, tena imeshika neno moja bila ya kulegeza, kwamba mwenye bomba ndiye mwenye masuulia hata kama kazi imefanywa na mwingine kwa mkataba. Barua ya kosa haiandikiwi ushirika; huandikiwa mji. Naona ni haki. Maarifa yaweza kukodiwa kwa siku mbili za mwezi, ila mtu wa kufika kwanza panaponuka gesi saa nane ya usiku hana budi kuwa mwenyeji, ajue valvu iko wapi hata ikiwa imefunikwa na theluji.

Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 iliitengea miji na jumuiya zinazomiliki gesi dola bilioni moja kwa miaka mitano, ili ing'oe mabomba yake machakavu, ya chuma cha kusubu na ya chuma kisichokingwa, na makampuni ya binafsi hayakupewa fungu humo. Ni fedha ambazo miji haijapata kuziona. Ila maombi yake yana fomu, tathmini ya mazingira, masharti ya kununua vifaa vilivyotengenezwa nchini na ripoti za baadaye, na karani wa mji mdogo, baada ya kuzisoma kurasa zake, hupiga simu kwa ushirika kuuliza nani amekwisha kuzijaza.