Kuku Chotara wa Katavi: Historia ya Mbegu Isiyotulia

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na kupewa Mpanda kuwa makao yake makuu, hauna mbegu ya kuku inayotambulika kwa jina lake, ingawa jirani zake wamejaliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walipowachambua kuku wa asili wa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliwaeleza Singamagazi wa Tabora, mwenye umbo kubwa na manyoya mekundu, pamoja na Kuchi, kuku mrefu, mgomvi na mwenye mdomo mfupi. Kuku wa Katavi ni wa mchanganyiko, na historia ya mkoa inaeleza sababu: reli ya kutoka Kaliua iliyofika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, makazi ya wakimbizi wa Burundi ya Katumba na Mishamo yaliyoanzishwa miaka ya 1970, na Wasukuma walioshuka na mifugo yao, vyote viliingiza watu, na ni nadra kaya kuhama ikaacha kuku nyuma.

Uchanganyaji wa makusudi ni jambo la baadaye. Katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, wataalamu walisambaza vijijini majogoo wa kigeni, hasa Rhode Island Red, ili wapande mitetea ya kienyeji. Jogoo huyo mwekundu naye ni chotara, kwani wafugaji wa kaskazini-mashariki ya Marekani walimpata katika karne ya 19 kwa kuchanganya kuku wa Asia na wa Ulaya, wakachagua kizazi baada ya kizazi mpaka rangi na umbo vikatulia. Kazi hiyo ya kuchagua ndiyo iliyokosekana vijijini. Uzao wa kwanza wa mbegu mbili zilizo mbali kidamu hukua haraka na kutaga vizuri, hali ambayo wanasayansi huiita nguvu ya uchotara. Lakini machotara wakipandana wenyewe kwa wenyewe, watoto wao hutawanyika, mmoja akarudi kwa bibi na mwingine kwa babu, na sehemu ya nguvu ile hupotea. Zaidi ya hayo, mpango ulitaka majogoo wa kienyeji waondolewe, na hilo lilikuwa gumu kutekelezwa mahali ambapo kuku wa nyumba kumi hushinda wakichakura pamoja.

Wimbi la pili lilikuja na Kuroiler, kuku aliyeundwa India na kampuni ya Keggfarms mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya ufugaji wa uani, na Sasso, mwenye asili ya Ufaransa. Wote wawili walijaribiwa katika kaya za Tanzania chini ya mradi ulioanza mwaka 2014, ulioratibiwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo na kuhusisha pia Ethiopia na Nigeria. Umbali wa Mpanda si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa, kwa kuwa kifaranga wa siku moja huishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni mwake na huweza kustahimili safari ya siku mbili bila kula. Kikwazo kikubwa zaidi ni kideri, ugonjwa unaoweza kufagia banda zima ndani ya wiki moja, ambao huzuiliwa kwa chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu hivi.

Kasoro ya kuku hao kwa mfugaji wa uani ni kwamba hutaga sana lakini aghalabu hawaatamii, kwa sababu silika hiyo imepunguzwa kwa kuchaguliwa: kuku anayelalia mayai huacha kutaga. Kwa hiyo mfugaji asiye na mashine ya kutotolea huyachukua mayai ya chotara, huyaandika alama kwa mkaa na kuyaweka chini ya mtetea wa kienyeji aliyekwisha kulalia, ambaye huyaangua baada ya siku 21 na kuwalea vifaranga wasio wake.