Kutoka Busaa hadi Basari: Miaka Mia ya Sheria za Kanjo Eastlands

Baraza la Jiji la Nairobi lilifikia mwisho wake Machi 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi. Jina lake halikuzikwa nalo. Ukiuliza leo nyumba za Maringo, Jericho au Shauri Moyo ni za nani, utaambiwa ni za kanjo. Askari anayemkimbiza mchuuzi kandokando ya barabara ya Jogoo ni kanjo. Shule ya msingi ya hapo mtaani bado ni shule ya kanjo, ingawa kisheria kaunti haina tena mamlaka juu ya masomo ya mtoto wa darasa la kwanza. Ni neno la Kiingereza la baraza, lililonyolewa na ndimi za mtaani hadi likawa letu.

Kuna sababu ya neno hilo kudumu. Mitaa mingine ya Nairobi ilianza kwa mwenye shamba kuuza viwanja. Mitaa mikongwe ya Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, ilianza kwa sheria ndogo za baraza au kwa ramani ya reli. Ili kujua kaunti inaweza kufanya nini leo kuhusu shule, taka na mahitaji ya wakazi, ni lazima turudi kwenye sheria hizo na kuuliza mambo mawili: nani alilipa, na nani aliamua?

Mnywaji alipojenga ukumbi

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka uliofuata mji ukapata kamati yake ya kwanza ya kuuendesha. Maradhi ndiyo yaliyotunga sheria nyingi za mwanzo. Tauni ilipozuka mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya ya miji, alipendekeza mji ugawanywe kwa rangi za watu. Wazungu walikuwa wameshatwaa vilima vya magharibi. Waafrika waliachiwa nyanda za mashariki zenye udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha, karibu na reli na, baadaye, viwanda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 baraza la manispaa lilipima Pumwani kuwa makao rasmi ya Waafrika. Ardhi ilibaki ya baraza, na mkazi alijenga nyumba yake ya udongo na miti, akalipia kiwanja na kupangisha vyumba. Vijiji vya awali vya Waafrika vilibomolewa kimoja baada ya kingine. Pangani, kilichong'ang'ania kuliko vyote, kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Waliohamishwa walielekezwa kwenye nyumba mpya za baraza, na wazee husimulia kwamba huko ndiko jina la Shauri Moyo lilikotoka: kwenda au kutokwenda, amua mwenyewe na moyo wako.

Lugha ya sheria hizo ilikuwa ya makatazo. Usitembee usiku bila kibali, usiuze bila leseni, usipike pombe. Katazo hili la tatu ndilo lenye mafunzo zaidi kwa msomaji wa leo. Kwa kufuata mfumo ulioanzia Durban, Afrika Kusini, baraza lilijitwalia peke yake haki ya kupika na kuuza pombe ya kienyeji. Mwanamke aliyepika busaa chumbani kwake Pumwani alikuwa mhalifu. Baraza lililopika busaa hiyohiyo katika kilabu chake lilikuwa halali. Faida iliwekwa katika mfuko wa ustawi wa Waafrika, nao ukagharimia huduma za jamii kama kumbi za mikutano. Kwa maneno mengine, huduma hazikutokana na kodi ambazo Wazungu wa vilimani walilipa. Kibarua aliyekunywa Jumamosi ndiye aliyelipa, na hakuna aliyemwuliza fedha zake zitumikeje.

Ramani ya Kaloleni na chupa ya maziwa

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mtazamo ulibadilika kidogo. Mamlaka zilianza kukubali kwamba mfanyakazi wa Kiafrika angeishi mjini na familia yake. Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, unaonyesha badiliko hilo hata kwa macho: nyumba za chini zenye nafasi ya bustani, na katikati uwanja, zahanati na ukumbi. Mpango mkuu wa mji wa mwaka 1948 ulishikilia wazo hilohilo, kwamba kila mtaa uwe na shule na uwanja ambao mtoto anaweza kuufikia kwa miguu. Wazee wa Bahati, Jerusalem au Uhuru wanaokumbuka kwenda shule bila kuvuka barabara kubwa walikuwa wakiishi ndani ya wazo hilo.

Ukumbi wa Kaloleni ulikuja kuwa bunge la watu wasiokuwa na bunge, maana humo wanasiasa wa Kiafrika walihutubia na vyama vya wafanyakazi vikakutana. Mmoja wa watu wa zama hizo alikuwa mtumishi wa baraza lenyewe. Tom Mboya aliajiriwa na Baraza la Jiji mwanzoni mwa miaka ya 1950 kama mkaguzi wa afya, kazi ya kusimamia zilezile sheria ndogo za usafi. Alisimulia baadaye jinsi mwanamke wa Kizungu alivyoingia ofisini na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamtazama, kisha akauliza kama hakuna mtu humo ndani. Mboya alianzisha chama cha wafanyakazi wa mabaraza, na safari yake ya kitaifa ikaanzia hapo.

Wengine walilipia udiwani kwa roho zao. Tom Mbotela aliuawa mwaka 1952, na Ambrose Ofafa mwaka 1953, siku za Hali ya Hatari. Baraza likaita mitaa kwa majina yao: Mbotela, na mitaa ya Ofafa ambayo Jericho na Maringo ni sehemu yake. Mtoto wa Eastlands hutaja majina ya madiwani hao kila siku akimwelekeza mgeni njia, mara nyingi bila kujua kwamba walikuwa watu.

Baraza lenye shule, kisha baraza lisilo na fedha

Charles Rubia alipokuwa meya wa kwanza Mwafrika mwaka 1962, alirithi baraza lenye nguvu. Mwaka 1969 serikali kuu ilipoyanyang'anya mabaraza ya wilaya elimu ya msingi, afya na barabara, Nairobi na miji mingine mikubwa iliachiwa kazi hizo. Walimu walilipwa na Tume ya Huduma za Walimu, iliyoundwa mwaka 1967, lakini majengo na usimamizi wa shule ulibaki kwa baraza. Huo ndio urithi uliotuachia jina la shule ya kanjo.

Shida ilianzia kwenye mfuko. Kodi ya mapato ya ngazi, iliyokuwa mhimili wa mabaraza, iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati huohuo Rais Kenyatta akafuta karo ya darasa la kwanza hadi la nne kuanzia 1974. Watoto wakafurika madarasani huku mapato yakipungua, na wazazi wakakuta karo imerudi kwa jina jingine: mchango wa ujenzi.

Dandora inaeleza kipindi hicho vizuri kuliko takwimu yoyote. Mwaka 1975 baraza, serikali na Benki ya Dunia walianza mpango wa viwanja 6,000, kila kimoja kikiwa na maji na choo, pamoja na shule na zahanati. Ulikuwa mpango wa kuonyeshwa dunia. Miaka hiyohiyo baraza lilianza kumwaga taka za jiji zima kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa hapo jirani. Kwa hiyo mkono mmoja uliwajengea watoto shule, na wa pili ukawawekea jaa mlangoni.

Mwaka 1983 serikali ililivunja baraza lililochaguliwa na kuweka tume iliyoendesha jiji hadi 1992. Kwa karibu miaka kumi mtaa haukuwa na diwani wa kumlalamikia. Taka zilipolundikana, vijana wa mitaani walichukua mikokoteni na kuanza kuzizoa kwa malipo, nyumba kwa nyumba. Jaa la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori hayakuacha kupanda. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapahapa Nairobi, lilitangaza matokeo ya kuwapima watoto 328 wanaoishi au kusoma karibu na jaa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa.

Jedwali la Nne

Katiba ya 2010 iligawa kazi upya. Jedwali la Nne liliipa kaunti taka na majaa yake, udhibiti wa moshi na kelele, leseni za pombe, mipango ya ardhi, vituo vya kulelea watoto, vyuo vya ufundi vya vijiji na elimu ya chekechea. Shule za msingi zilikwenda serikali kuu. Ajabu ni kwamba ugatuzi, uliokusudiwa kushusha mamlaka karibu na watu, hapa Nairobi uliondoa mikononi mwa serikali ya mtaa shule ambazo kanjo ilikuwa nazo tangu kabla ya uhuru.

Bunge la kaunti, lenye wadi 85, lilitunga sheria haraka. Sheria ya vileo ilikuja mwaka 2014, ya taka ngumu 2015, na ya vituo vya kulelea watoto 2017. Hii ya mwisho haikusikika sana, lakini inamgusa mama wa Viwandani au Dandora anayemwacha mtoto kwenye dei kea ya chumba kimoja saa kumi na mbili asubuhi ili awahi kazini. Kwa mara ya kwanza sheria ya jiji ilimtambua mtoto huyo kabla hajafika shule. Hata udhibiti wa pombe, ulioanza na busaa ya Pumwani, umerudi kwa sura nyingine. Tangu sheria ya kitaifa ya vileo ya 2010, baa haitakiwi kuwa ndani ya mita 300 za shule. Katika mitaa ambayo shule, kanisa na baa hushiriki ukuta mmoja, kipimo hicho kikitekelezwa kwa herufi, sijui ni baa ngapi zingesalia.

Mipaka ya Jedwali imeleta mvutano katika elimu. Mwaka 2023 kaunti ilianzisha Dishi na County, mpango unaompa mtoto wa shule chakula cha mchana kwa shilingi 5 kutoka majiko makubwa ya kaunti. Waliokunywa maziwa ya Nyayo miaka ya 1980 wanajua mlo shuleni unavyoweza kujaza madawati. Lakini wengi wanaokula ni wa shule za msingi, ambazo Jedwali halikuipa kaunti. Basari ambazo kaunti huwapa wanafunzi zimekumbana na swali lilelile la mamlaka. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti zisitishe fedha hizo hadi ziwe na makubaliano na serikali kuu, na magavana wakaenda mahakamani.

Katika taka, ni sheria yenyewe iliyoibana kaunti. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, baada ya wakazi kushtaki, iliamuru jaa la Dandora liondolewe katika miezi 6. Miezi hiyo ilipita, na jaa likabaki palepale.

Nikipima miaka hii mia, naona Eastlands haikukosa sheria wakati wowote. Ilikosa sauti wakati sheria zinapotungwa, na fedha wakati wa kuzitekeleza. Mnywaji wa Pumwani alilipa bila kuulizwa. Mjukuu wake ana haki ya kuulizwa: Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimu bunge la kaunti kufanya kazi zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Mswada unaofuata kuhusu taka au chekechea utatangazwa, ukiwa na siku na mahali pa kutoa maoni. Ukumbi unaweza kuwa mbali na benchi likawa gumu, lakini nenda. Babu zako hawakualikwa.