Mafunzo kwa Vitendo katika Vituo vya Umeme: Historia ya Jambo na Majina Yake

Kila mwaka, vyuo vikuu vifungapo kwa likizo ndefu, wanafunzi wa uhandisi huacha madarasa na kutawanyika viwandani kwa muda wa wiki kadhaa. Baadhi yao hupelekwa katika vituo vya kufua umeme. Nyaraka za serikali huliita jambo hilo "mafunzo kwa vitendo". Wanafunzi wenyewe husema wanakwenda "fildi", au hutaja herufi mbili tu za Kiingereza, "PT". Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa kifupi historia ya mafunzo hayo, na kuonyesha kwamba mwanafunzi aliyeko kituoni husimama mahali ambapo istilahi za vitabuni na istilahi za mafundi hukutana. Mahali hapo pana faida kubwa kwa lugha, na pana hatari pia.

Asili ya mafunzo

Wazo la kumtoa mwanafunzi darasani na kumpeleka kazini kabla hajahitimu lilipata sura rasmi mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mwaka 1903 Chuo cha Ufundi cha Sunderland, Uingereza, kilianza kuchanganya vipindi vya darasani na vipindi vya kiwandani kwa wanafunzi wa uhandisi. Mwaka 1906 Herman Schneider alianzisha mpango wa namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, kwa wanafunzi 27. Waingereza waliyapa masomo hayo jina la sandwichi, kwa kuwa kazi hubanwa katikati ya vipindi viwili vya darasa kama nyama katikati ya vipande vya mkate. Wajerumani walitumia neno Praktikum, ambalo asili yake ni kutenda. Mwaka 1948 wajumbe wa nchi kumi za Ulaya walikutana London na kuunda chama cha kubadilishana wanafunzi wa ufundi wakati wa likizo, kijulikanacho kwa kifupi kama IAESTE.

Katika nchi hizo likizo ndefu huangukia majira ya joto, na majira hayo yameingia katika jina la mafunzo. Mfasiri asiyefikiri angeweza kuandika "mafunzo ya kiangazi". Lakini mwezi Julai huku kwetu ni kipupwe. Mfano huu mdogo watosha kutukumbusha kwamba istilahi haihamishwi kama mzigo, bali hupandwa kama mche, nao mche hutazama udongo.

Mafunzo yafika kwetu

Umeme ulianza kutumika Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa utawala wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wakoloni. Mwaka 1931 ziliundwa kampuni mbili, DARESCO na TANESCO. Kampuni hizo ziliunganishwa mwaka 1964, na kufikia mwaka 1975 hisa zote zilikuwa mikononi mwa serikali.

Wakati wa uhuru nchi haikuwa na mahali pa kumsomesha mhandisi hata mmoja hadi shahada. Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1957, kilifundisha mafundi. Aliyetaka shahada ya uhandisi alikwenda Nairobi, kwa kuwa katika Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki uhandisi ulikuwa huko, kama udaktari ulivyokuwa Makerere na sheria Dar es Salaam. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, na mafunzo ya viwandani yakawa sehemu ya masomo yake. Mwaka uliofuata Azimio la Musoma lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Hivyo mafunzo ya viwandani yalikutana na fikira iliyokwisha kuenea nchini tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, kwamba elimu isiyogusa kazi ni elimu pungufu.

Vituo vya umeme navyo vilikuwa vikiongezeka. Hale kilikamilika mwaka 1964, Nyumba ya Mungu mwaka 1968, na Kidatu kikaanza mwaka 1975 kwa megawati 100, ambazo ziliongezwa mara mbili kufikia mwaka 1980. Mtera kilifuata mwaka 1988. Katika siku zetu, kituo cha Julius Nyerere katika mto Rufiji kina mashine tisa zenye jumla ya megawati 2,115. Ya kwanza iliwashwa mwaka 2024 na ya mwisho mwaka 2025.

Maneno yaliyomtangulia mwanafunzi

Mwanafunzi afikapo kituoni na istilahi zake za Kiingereza hukuta lugha imekwisha kufanya kazi. Hukuta umeme "ukifuliwa". Neno hili limechukuliwa kwa mhunzi: kama vile mfua chuma na mfua dhahabu watoavyo kitu chenye umbo katika malighafi, ndivyo mtambo utoavyo umeme katika nguvu ya maji. Vitabuni na katika hotuba hutumika zaidi "kuzalisha", neno lililokwisha kuzoeleka katika mambo ya uchumi. Yote mawili yanaeleweka. Hata hivyo, kufua kuna ubora wake, kwa kuwa hutukumbusha kwamba umeme haupatikani kutokana na utupu, bali nguvu ya aina moja hugeuzwa ikawa ya aina nyingine.

Hali kadhalika hukuta "msongo", yaani ile nguvu inayousukuma umeme katika waya. Njia ya kutoka Kidatu hadi Dar es Salaam ni ya msongo wa kilovoti 220. Neno latokana na kusonga, na maana yake ya kubana na kusukuma yalingana vizuri na jambo lenyewe.

Lakini si kila neno la kituoni limekaa sawa. Mahali penye transfoma, au mashine umba kama wengine waziitavyo, huitwa "kituo cha kupoza umeme". Kwa mwananchi wa mjini jina hilo lafaa, kwa kuwa umeme mkali uliotoka mbali hupunguzwa msongo kabla ya kuingia majumbani. Kwa mwanafunzi aliyeko kwenye bwawa laleta utata. Hapo transfoma hazipunguzi msongo, bali huupandisha. Sababu yake ni kwamba msongo ukiwa mkubwa, mkondo unaohitajika kusafirisha nguvu ile ile huwa mdogo. Na upotevu wa nguvu katika waya hufuata mraba wa mkondo. Mkondo ukipungua kwa nusu, upotevu hubaki robo. Kwa hiyo lahitajika jozi la maneno, kupandisha msongo na kushusha msongo, na "kupoza" kubaki kwa upande mmoja tu.

Pale neno linapokuwa uhai

Yapo mambo ambayo utata wake hauvumiliki. Katika mazungumzo ya kila siku twasema "umeme umekatwa", na maana zake ni nyingi: pengine hitilafu imetokea, pengine mteja hakulipa, pengine swichi imezimwa. Kwa mtu anayetaka kushika waya maana hizo hazitoshi. Kazi salama ina hatua zake: kwanza kuzima, yaani kufungua swichi inayokata mkondo; pili kutenga, yaani kuacha mwanya unaoonekana kati ya mahali pa kazi na kila upande unaoweza kuleta umeme; tatu kufunga kwa kufuli ili mwingine asiurudishe; nne kupima na kuthibitisha kwamba msongo haupo; tano kuunganisha waya na ardhi; ndipo kibali cha kazi hutolewa. Kilichozimwa bado hakijatengwa, na kilichotengwa bado hakijaunganishwa na ardhi. Mwanafunzi hujifunza tofauti hizi kwa Kiingereza. Fundi aliye pamoja naye huenda anazijua kwa mikono yake. Wakitumia wote wawili neno moja, "umekatwa", kila mmoja huweza kuelewa hatua yake, na kosa la namna hiyo halisahihishwi kwa kalamu nyekundu.

Majina matatu, mambo matatu

Limebaki jina la mafunzo yenyewe. Siku hizi maneno matatu huchanganywa. Uanagenzi ni njia ya ufundi: mwanagenzi hukaa chini ya fundi mpaka aiweze kazi. Utarajali, kama litumikavyo katika mipango ya serikali ya ajira, ni wa aliyekwisha kuhitimu. Neno lenyewe ladokeza hivyo, kama tusemavyo bibi harusi mtarajali. Mwanafunzi ambaye bado ana miaka ya kurudi darasani si mwanagenzi wala si mtarajali. Kwake "mafunzo kwa vitendo" ndilo jina lifaalo, na ingefaa lishikwe kwa maana hiyo peke yake. "Fildi" liachwe liishi katika mazungumzo.

Hitimisho

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia katika shule za sekondari mwaka 1985 na kisha kifike vyuo vikuu. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na uhandisi ungali unafundishwa kwa Kiingereza. Ndiyo maana ripoti za mafunzo kwa vitendo huandikwa kwa lugha ambayo sehemu kubwa ya kazi inayoripotiwa haikufanywa kwayo. Maneno ya mafundi hubaki karakanani, na fundi astaafupo huondoka nayo.

Dawa yake si ghali. Kila mwanafunzi apelekwaye kituoni ana daftari la kazi za kila siku. Kurasa mbili za mwisho zitengwe kwa maneno: jina la kifaa au tendo kama alivyolisikia kwa fundi, maana yake, na mahali alipolisikia. Madaftari hayo yakipelekwa kwenye baraza la lugha, kazi ya kusanifisha itaanzia kwa watumiaji na si mezani. Tangu mwaka 1974, vilipoanza kutolewa vijitabu vya tafsiri sanifu, mabaraza yetu yamekuwa yakiwapelekea mafundi maneno. Umefika wakati wa kuwaendea mafundi kuyachukua, na mjumbe tunaye: kila likizo anapanda basi kwenda Kidatu na Rufiji.